Mwalimu mkuu mwanamke wa kata ile

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi katika kata tuliyofanyia utafiti ili kutoa mrejesho. Ofisi ya kata ilijaa: diwani, watendaji wa vijiji, wajumbe wa kamati za shule. Nikawasha projekta, nukuu ikatokea ukutani: "Michango ya chakula cha watoto inaishia mifukoni mwa kamati." Chini yake niliandika: mwalimu mkuu, mwanamke, miaka 48.

Shingo zote zikageukia benchi la nyuma. Kata ile ilikuwa na shule nne za msingi, na tatu ziliongozwa na wanaume.

Jina lake nilikuwa nimeliondoa siku ileile ya mahojiano. Alikuwa na msimbo, na karatasi yenye kuoanisha misimbo na majina ilikuwa kabatini chini ya kufuli. Yote niliyofundishwa darasani niliyafanya. Nilipokuwa nakunja nyaya alinijia, akaniuliza taratibu: "Sasa mdogo wangu, kesho nikifika shuleni niwaambie nini?"

Tangu siku hiyo silihesabu jina kuwa kitu kikubwa. Mtu hutambulika kwa vitu vidogovidogo vinapokaa pamoja. Mfano maarufu ni wa Massachusetts, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Rekodi za matibabu za watumishi wa serikali ya jimbo zilitolewa kwa watafiti bila majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na rekodi zile kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsi na msimbo wa posta. Akaipata rekodi ya gavana mwenyewe, William Weld. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu tu vinatosha kumtofautisha kila mmoja kati ya asilimia 87 ya Wamarekani.

Kwetu hata daftari halihitajiki. Sisi wa vyuoni tunamwogopa mdukuzi, tunaweka nywila juu ya nywila kwenye vishikwambi, ilhali anayemtambua mshiriki ni jirani ambaye nusu ya habari anayo tayari. Mjane, mkunga wa jadi, mama wa mapacha, kitongoji fulani: umeshamtaja.

Kwa hiyo siku hizi umri nauandika kwa makundi ya miaka kumi, na mwalimu mkuu anakuwa "mtumishi wa elimu". Kata naiacha, nabaki na wilaya, pengine mkoa. Katika majedwali, kisanduku chenye watu chini ya watano nakiunganisha na kingine. Wenzangu hulalamika kwamba nukuu zinapoteza ladha. Ni kweli zinapoteza, na mimi nimekubali hasara hiyo.

Ramani nazo husema. Tafiti kubwa za afya ya uzazi na watoto zinazofanyika Tanzania na nchi nyingi husogeza makusudi alama ya kila eneo kabla ya kuwapa watafiti wengine takwimu: hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na chache za vijijini hadi kilomita 10. Mwanafunzi anayeweka kwenye ripoti picha ya setilaiti yenye nukta nyekundu juu ya kila bati lililohojiwa huwa najiuliza msimamizi wake alikuwa wapi.

Lakini siri nyingi huvuja kabla takwimu hazijaingia kwenye kompyuta. Gari lenye nembo ya mradi wa Ukimwi likiegeshwa nje ya nyumba moja kwa saa nzima, mtaa mzima umeshajua. Mwenyekiti wa kitongoji anayekupeleka nyumba kwa nyumba anajua uliowaona. Mshukuru, kisha mwombe arudi zake. Katika tafiti za ukatili dhidi ya wanawake, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 unataka ahojiwe mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, na mdodosaji awe tayari kubadilisha mazungumzo mtu mwingine akiingia. Nimemwona mdodosaji hodari akihama kutoka kwenye kipigo hadi kwenye chanjo za watoto kabla mama mkwe hajamaliza kupiga hodi.

Sauti zilizorekodiwa hazitumwi WhatsApp, basi. Na anayeziweka kwenye maandishi asiwe mtu wa eneo lile, maana sauti ya shangazi yake ataitambua tu.

Sheria tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya walikuwa na yao tangu 2019. Inasaidia, ila haitakuandikia fomu ya ridhaa yenye ukweli. Fomu nyingi husema "taarifa zako zitakuwa siri", hata kwa watu wanane wanaojadiliana chini ya mwembe mmoja. Mimi naweza kuufunga mdomo wangu. Ya wale saba wengine siwezi, na lazima niseme hivyo kabla hawajaanza kuzungumza. Chuo cha Boston kilirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, nao wakaahidiwa kwamba kanda hazitatolewa hadi wafe. Mwaka 2011 zikaanza kudaiwa kupitia mahakama ya Marekani, kwa ombi la Uingereza.

Nukuu ninayotaka kuchapisha sasa namsomea kwanza mwenyewe. Mwaka jana nilimsomea kwa simu mvuvi mmoja wa pwani. Nilikuwa nimehangaika na umri wake, kijiji chake, hata idadi ya wake zake. Akasikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

"Yote sawa, mwanangu. Ila hapo penye mashine ya boti, ile ya farasi arobaini, toa. Ufukwe huu wote, mashine ya arobaini ninayo mimi peke yangu."