Taa juu au mkeka chini? Dhana potofu kuhusu joto la watambaazi wa kufugwa

Mjusi, nyoka na kobe hawatengenezi joto lao kama sisi. Wanalifuata. Asubuhi wanaota jua, jua likikaza wanaingia kivulini, wakipoa wanarudi. Kizimba kizuri ni kile kinachowaachia uhuru huo wa kwenda na kurudi, na ndiyo maana naumia nikisikia swali la taa ya juu au mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya kizimba, likijibiwa kwa mazoea tu.

Dhana: Bila joto la tumboni chakula hakisagiki

Hii ndiyo sugu kuliko zote. Kinachowezesha chakula kusagika ni joto la mwili mzima, hasa viungo vya ndani, si la ngozi ya tumbo. Liingilie mgongoni au tumboni, muhimu ni lifike ndani. Na katika kufika ndani, taa ya halojeni inaushinda mkeka. Mionzi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, iko ya aina tatu: A, B na C. Jua hutuletea A na B kwa wingi, na A ndiyo inayopenya ngozi na kugusa nyama iliyo chini yake. Halojeni hutoa A na B pia. Mkeka hutoa C, ambayo huishia juu juu kwenye ngozi. Kitoa joto cha seramiki, kifaa cha umeme kisichotoa mwanga, ingawa nacho hufungwa juu, joto lake karibu lote ni C.

Wanaotetea mkeka husema: mbona geko mwenye madoa ya chui hutoka usiku na kulala juu ya jiwe lenye joto? Ni kweli. Lakini nani alilipasha jiwe lile? Jua, kutoka juu, mchana kutwa. Weka jiwe bapa chini ya halojeni asubuhi, kisha liguse muda mfupi baada ya kuzima taa: bado lina uvuguvugu. Mnyama amepata mgongo na tumbo kwa taa moja.

Dhana: Mkeka hupasha kizimba chote

Mkeka hupasha kile kinachougusa. Hewa iliyo juu yake hubaki karibu na joto la chumba.

Niliwahi kuitwa kumtazama chatu mdogo ambaye mwenyewe alidhani anajivua gamba vibaya. Kipimajoto cha kubandika ukutani kilisoma 26°C, namba ya kuridhisha. Nikapitisha kihisi chini ya matandiko hadi kwenye kioo cha sakafu, juu ya mkeka: 47°C. Magamba ya tumbo yalikuwa yameiva kwa wekundu, mengine yakitoa maji. Alikuwa amelala palepale kwa siku kadhaa, na watu wengi huuliza kwa nini hakuondoka. Hakuondoka kwa sababu hewa haikuwa na joto la kumtosha na mwili wake haukuwa umefikia joto unalolitaka. Aliendelea kukaa akilitafuta, ngozi ikiungua taratibu.

Dhana: Mkeka wa wati chache hauhitaji themostati

Unahitaji themostati, yaani kifaa kinachopima joto na kulidhibiti, kila mara. Wati chache zikifunikwa na matandiko mazito hazina pa kutokea, na joto hujilimbikiza hadi kioo kuweza kupasuka. Kihisi cha themostati kiwekwe mahali penye joto kali kuliko pote ambapo mnyama anaweza kugusa, si kuning'inia hewani. Chini ya kizimba acha nafasi hewa ipite. Kizimba cha mbao si mahali pa kubandika mkeka kwa nje: mbao huzuia joto, nao mkeka unabaki kujichemsha wenyewe.

Dhana: Joto likizidi, atachimba akajifiche

Atachimba, naam, na hapo ndipo hatari ilipo. Porini udongo hupoa kadiri unavyokwenda chini, na silika yake inamwambia hivyo. Juu ya mkeka mambo yamegeuzwa: kila anapochimba anaukaribia moto. Mnyama wa kuchimba hastahili kuwekewa joto chini ya matandiko yake. Mawe ya umeme yanayouzwa kama mahali pa kuota yana kasoro hiyohiyo ya kuchoma tumbo, na mimi siyashauri kwa mnyama yeyote.

Dhana: Taa hukausha hewa, kwa hiyo haifai kwa wanaopenda unyevu

Hukausha, ndiyo. Dawa yake ni matandiko yenye kina yanayoshika maji, kuziba sehemu ya wavu wa juu mbali na taa, na pango lenye unyevu. Kumnyima joto zuri si dawa.

Dhana: Taa nyekundu usiku hawaioni

Wanaiona. Usiku uwe giza. Chumba kikipoa kupita kiasi, seramiki hutoa joto bila mwanga, na kwa wengi wao usiku kupoa kidogo ni jambo la kawaida.

Dhana: Ikiwa juu, basi ni salama

Nyoka hupanda na kujizungusha kwenye balbu, kwa hiyo taa iliyo ndani ifungiwe kwenye wavu wa chuma. Soketi iwe ya seramiki, maana ya plastiki huyeyuka. Halojeni nayo iwe na themostati ya kufifisha, si ya kuwasha na kuzima. Wala halojeni haimpi mnyama UVB, mionzi ya urujuanimno inayomsaidia kutengeneza vitamini D3. Hiyo ina taa yake.

Siukatai mkeka. Kwenye kasha dogo la plastiki la mnyama aliyetengwa kwa matibabu, au ukibandikwa ubavuni kama nyongeza chumba kinapopoa, unafanya kazi yake. Anayeanza, ningemwambia aanze na joto la juu upande mmoja, upande wa pili ubaki wa ubaridi.

Mjusi mwenye ndevu wa Australia hutaka jiwe la kuotea la takriban 38 hadi 42°C. Geko mwenye madoa ya chui, 32 hadi 35. Pima kwa kipimajoto cha kulenga, kile kinachosoma joto kwa mbali bila kugusa, na usipime jiwe peke yake. Gamba la kobe limeinuka, na kilele chake kiko karibu na taa kuliko jiwe alilosimamia, kwa hiyo pima pia kwa kimo cha mgongo wake, kisha pandisha taa au gawa joto kwa balbu mbili.