Mnara wa taa unaotumia jua: nini hasa hubadilishwa?

Kuuhuisha mnara wa taa wa zamani, aghalabu, ni kubadilisha vitu viwili: chanzo cha umeme na taa yenyewe. Jenereta ya dizeli huondoka, zikaja paneli za sola na betri. Balbu kubwa hutolewa, ikafungwa taa ya LED. Jengo hubaki lilelile, na hubaki pia kile anachokitegemea nahodha usiku, yaani mpigo wa taa. Mnara wa Eddystone, baharini nje ya Plymouth, Uingereza, humulika mara mbili kila sekunde 10. Hivyo ndivyo ulivyoandikwa kwenye ramani za baharini, na anayehesabu sekunde hizo hatauchanganya na mwingine. Mnara huo ulianza kujiendesha bila walinzi mwaka 1982, ukahamia kwenye jua mwaka 1999.

Kwa nini taa ibadilishwe pamoja na umeme? Piga hesabu. Balbu ya wati 1,000 ikiwaka saa 12 inakula uniti 12 kwa usiku mmoja. LED ya wati 50 inakula uniti 0.6. Mnara uliosimama juu ya mwamba hauna pa kutandaza paneli za kulisha balbu ile. Tena Uingereza usiku wa Desemba hufika saa 16, na mchana jua halipandi juu. Fundi wa kule hupima kwa Desemba, si kwa Julai, kisha huongeza betri za kuvusha siku kadhaa za mawingu.

Jua, kwa kweli, lilianza kazi minarani kabla ya sola. Gustaf Dalén wa Sweden alibuni vali yenye fimbo nyeusi: mchana fimbo inanyonya mwanga, inapata joto, inarefuka na kufunga gesi, giza likiingia inapoa, gesi inapita, taa inawaka. Kwa vidhibiti vyake vya taa za gesi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912.

Sehemu ngumu ni lenzi, yaani kioo kinachokusanya mwanga wa taa na kuutupa mbali. Tangu Augustin Fresnel afunge lenzi yake ya pete za vioo kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823, minara mingi ilitumia lenzi za aina hiyo. Nyingi za zile kubwa zilizunguka zikielea juu ya zebaki, ambayo mvuke wake ni sumu, na kuzunguka huko ndiko kulikoleta mpigo wa taa. LED huweza kuwashwa na kuzimwa kwa mpigo uleule, kwa hiyo lenzi haina haja ya kuzunguka. Zebaki ikitolewa ni heri tupu. Lakini ile miale mirefu inayopita juu ya maji hupotea nayo, na mimi naona pale panapowezekana lenzi ya zamani ibaki na LED iwekwe katikati yake.

Kuna gharama nyingine: umbali. Mnara wa Beachy Head, Uingereza, ulipofungwa LED mwaka 2011, taa yake ilipunguzwa kutoka maili 20 za baharini hadi 8, na honi ya ukungu ikazimwa. Wenye meli kubwa wana GPS. Kwetu Pemba au Mombasa, ambako usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima na jua si la kubahatisha, uhaba wa umeme si sababu ya kupunguza taa kiasi hicho. Wavuvi waulizwe kwanza huanza kuitafuta taa wakiwa umbali gani, ndipo LED ichaguliwe.