Je, wajua kwa nini kundi hukosa jibu ambalo mmoja wao ameshalipata?

Kundi la WhatsApp la Kidato cha Nne, Lamu, baada ya isha. Swali: mashua imekwenda Pate kwa kilomita 20 kwa saa, ikarudi kwa 30. Wastani wa mwendo ni upi? Wa kwanza anaandika 25. Dole gumba, dole gumba. Mwingine anaandika "24", basi. Mara inaingia sauti ya mtu anayeulizia Kemia, na 24 imeshapanda juu, haionekani tena.

Jibu ni 24. Tuseme safari ni kilomita 60 (Pate si mbali hivyo, ila hesabu haijali): saa 3 kwenda, saa 2 kurudi, 120 gawa kwa 5.

Wengi husema kundi kama hili limekosa kichwa. Mwekeni anayeongoza darasa, mambo yatanyooka. Lakini kichwa kilikuwemo. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Brigid Barron, alichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa darasa la sita waliofumbua hesabu watatu watatu. Makundi yaliyofeli nayo yalikuwa na mapendekezo sahihi. Yalipuuzwa tu, au yakakataliwa bila sababu. Yaliyofaulu yaliyapokea na kuyajadili. Na hao walikuwa wameketi pamoja, wanatazamana!

Mtandaoni kuna jingine. Manu Kapur na wenzake, 2008, walifuatilia wanafunzi wa India waliojadiliana watatu watatu kwa kuandikiana kwenye kompyuta. Yaliyosemwa mapema yalikuwa na uzito mno. Ya baadaye hayakubadili mengi. Mfikirie mwashi wa nyumba ya mawe. Safu ya kwanza ikipinda, ya pili itaifuata, kwa kuwa haina pa kukalia ila juu yake. Kwenye safu ya pili bado unaweza kubomoa. Ukifika dirishani, nani atakubali? Ndivyo 25 ilivyojengewa: kila dole gumba ni jiwe.

Kwa hiyo kubonyeza ujumbe wa 24 na kuujibu palepale, "umepataje?", huenda kukafaa kuliko kuongeza mwerevu mwingine. Nasema huenda, maana uchunguzi huo ulikuwa wa watu watatu watatu. Kundi la watu sitini, lenye matangazo ya harusi katikati ya hesabu, ni bahari nyingine.