Mkanda mweusi wa judo haukuwa mweusi kwa uchafu

Kwenye mabaraza ya Lamu, mazungumzo ya judo hayakawii kufika kwenye mkanda mweusi. Husemwa kwamba zamani mwanafunzi alipewa mkanda mweupe asioruhusiwa kuufua, na jasho na vumbi la miaka vikaugeuza hadi ukawa mweusi. Hadithi tamu, ila si kweli.

Kwanza, judo haina hiyo zamani ya kale inayodhaniwa. Ilianzishwa mwaka 1882 na Kano Jigoro, mwalimu kijana aliyekuwa na wanafunzi wachache tu katika hekalu la Eishoji, Tokyo. Alichukua mbinu za jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani, akaziweka kando zile za kuumiza. Mwaka 1883 akawapa wanafunzi wawili daraja la kwanza la dani, yaani ngazi za waliobobea, na kabla ya muongo ule kwisha mkanda mweusi ukawa alama ya daraja hilo. Ulitiwa rangi makusudi. Manjano, kijani na buluu zilienea Ulaya baadaye, karne ya 20. (Na kwa joto letu hili, mwenye mkanda usiofuliwa angempata nani wa kushikana naye?)

Mashindano ya judo hayana ngumi wala mateke. Kinachofundishwa mapema kabisa ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umeviringwa, mkono unapiga mkeka ili kishindo kisambae. Ujuzi huo unamfaa hata anayeteleza kwenye ngazi za nyumba ya mawe, au baharia kwenye sitaha iliyolowa. Kumwangusha mwenzako huja baadaye, na huanza kwa kumyumbisha. Ndiyo maana mwembamba anayejua wakati wa kuvuta humwangusha pandikizi la mtu.