Betri za alumini: kazi ngumu iko kwenye kathodi

Alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake. Lithiamu haifiki hata asilimia 0.01. Hapa Nairobi alumini ni kitu cha kila siku: mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanauza sufuria zake, na wanaonunua vyuma chakavu mitaani wanaitambua kwa kuishika tu. Ndiyo maana kila tunapozungumza na umma kuhusu betri, swali ni lile lile. Mbona simu, bodaboda za umeme na taa za sola bado zinategemea lithiamu au risasi?

Alumini yenyewe haina kasoro kubwa. Shida ni kumpata mwenzake.

Betri ina elektrodi mbili, anodi na kathodi, na katikati mna elektroliti inayopitisha ioni, yaani atomu au mafungu ya atomu yenye chaji ya umeme. Betri ikitumika, anodi inatoa elektroni, kathodi inazipokea. Upande wa anodi alumini inavutia mno. Atomu moja hutoa elektroni 3, ilhali ya lithiamu hutoa 1 tu. Ukipima kwa ujazo, alumini hubeba chaji karibu mara nne ya lithiamu. Tena hatari yake ya moto ni ndogo kuliko ya metali ya lithiamu.

Mwaka 2015 kundi la Hongjie Dai katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilionyesha betri yenye anodi ya alumini na kathodi ya grafiti, kaboni ya matabaka kama iliyo ndani ya penseli. Ilitoa volti 2 hivi, ilichajiwa kwa takriban dakika moja, na ilistahimili kuchajiwa zaidi ya mara 7,500. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini ukiichunguza, unaona tatizo liko wapi.

Kinachoingia kwenye grafiti si ioni ya alumini tupu. Ni alumini iliyokumbatiwa na klorini nne, na fungu zima linabeba chaji moja tu. Ile faida ya elektroni 3 inabaki upande wa anodi. Fungu hilo pia ni nene: lina zaidi ya nusu nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na nafasi kati ya tabaka za grafiti ni nanomita 0.335. Grafiti inalazimika kupanuka kila inapochajiwa na kunywea inapotumika. Ikiwa haikutengenezwa vizuri, inamomonyoka.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Katika betri ya lithiamu ioni husafiri kutoka elektrodi moja hadi nyingine, na elektroliti ni njia tu. Katika hii ya alumini, elektroliti yenyewe inatumika: wakati wa kuchaji, ioni za pande zote mbili zinatoka humo. Kwa hiyo lazima iwe nyingi, na uzito wake uhesabiwe. Watafiti wa Stanford walipoihesabu walipata wati-saa 40 hivi kwa kilo, kiwango cha betri ya risasi. Kwa simu hiyo haitoshi.

Kutengeneza kathodi kunahitaji subira. Unga wa grafiti huchanganywa na gundi na kiyeyusho hadi kuwa rojo, ukapakwa juu ya karatasi nyembamba ya metali, ukakaushwa kwenye oveni, kisha ukakatwa vipande vya mviringo. Kuunganisha seli hufanyika ndani ya sanduku lisiloingiza hewa, lililojaa argoni, gesi isiyoathiri kemikali, mikono ikiwa ndani ya glavu zilizoshikizwa ukutani mwake. Kloridi ya alumini iliyo kwenye elektroliti ikikutana na unyevu hutoa moshi mkali wa asidi, na elektroliti hiyo hula hata chuma kisichoshika kutu. Kwa karatasi ya kubeba kathodi wengi hutumia metali ya molibdenamu badala yake, nayo ni ghali. Tafadhali, mtu asijaribu haya nyumbani.

Basi watafiti wanatafuta kathodi nyingine. Oksidi za metali ya vanadi zimejaribiwa, lakini ioni yenye chaji 3 hung'ang'ania oksijeni na kutembea polepole mno. Misombo ya kaboni kama anthrakwinoni inanivutia zaidi, kwa kuwa molekuli zake zinajipanga upya bila kuvunjika. Salfa ni ya bei rahisi na inapatikana kwa wingi: mwaka 2022 kundi la Donald Sadoway wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilitangaza betri ya alumini na salfa yenye elektroliti ya chumvi iliyoyeyushwa, inayofanya kazi kwenye nyuzi 110 za Selsiasi. Huwezi kuitia mfukoni, ila kwenye kituo cha umeme joto hilo si tatizo.

Nafasi ya alumini nchini mwetu naiona hapo hapo. Usiku wa manane mahitaji ya umeme hushuka, ilhali mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Turkana, vyanzo vyetu vya umeme, havilali. Betri ya kuhifadhi umeme huo itakaa mahali pamoja. Uzito wake si hoja. Hoja ni bei, usalama na maisha marefu.

Kwa hiyo ukisoma habari ya betri mpya ya alumini, uliza mambo mawili. Je, nishati iliyotajwa imehesabiwa kwa uzito wa kathodi peke yake, au na elektroliti imo? Na je, karatasi iliyobeba kathodi ni ya metali gani?