Umenyimwa leseni ya bima Marekani? Usitupe bahasha

Watu wakinipigia simu baada ya kunyimwa leseni ya uwakala wa bima, kitu cha kwanza wanachonisomea ni sababu. "Wakili, wameandika kwamba mimi si mwaminifu!" Mimi nawauliza: barua ulipokea lini, na bahasha bado unayo? Wengine hudhani nawakwepa. Lakini katika kazi hii tarehe hutangulia sababu. Sababu tunaweza kuijibu. Siku zikishapita, hakuna wa kumjibu.

Marekani haina ofisi moja ya taifa inayotoa leseni hizi. Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945, usimamizi wa bima umeachiwa majimbo, kwa hiyo muda wa kulalamika na mahali pa kulalamikia hubadilika ukivuka mpaka. Florida, kwa mfano, hukupa siku 21 tangu upokee notisi. Na ombi lako huhesabiwa limewasilishwa pale karani wa idara ya jimbo inayotoa leseni anapolipokea saa za kazi, si pale ulipolitia posta. Ukituma siku ya 20 likafika siku ya 23, umechelewa, na risiti ya posta haitakuokoa.

Nasema "rufaa" kwa kuwa ndilo neno watu wanalolijua. Kwa kweli hatua ya kwanza si rufaa. Ni shauri linaloanza mwanzo: mashahidi wanaapa, nyaraka zinapokelewa, na anayesikiliza ni jaji wa masuala ya utawala. Texas ina ofisi yake ya majaji hao, SOAH, na Florida ina DOAH. Zote mbili ziko nje ya idara iliyokunyima leseni. Hiyo ni nafasi ya thamani kubwa, na kuna watu wanaitupa kwa alama moja ya kalamu. Fomu ya Florida hukuuliza kama unapinga ukweli ulioandikwa kwenye notisi au huupingi. Mtu anasema moyoni, kosa nililitenda kweli, acha niwe muungwana, anaweka alama kwenye "sipingi". Basi shauri lake halipelekwi DOAH tena. Linasikilizwa ndani ya idara ileile. Kukiri kwamba ulihukumiwa mwaka fulani ni jambo moja. Kukubali kila sentensi ya notisi, pamoja na ile inayosema huaminiki hadi leo, ni jambo jingine kabisa. Soma sentensi moja moja kabla hujagusa kalamu.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe, maana hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Wengi wanaofika kwangu hawakuangushwa na kosa la zamani. Waliangushwa na jibu walilotoa kuhusu kosa hilo. Sheria ya mfano ya NAIC, jumuiya ya makamishna wa bima wa majimbo, ambayo majimbo mengi yameinakili kwa namna moja au nyingine, inaorodhesha sababu za kumnyima mtu leseni, na ya kwanza kabisa kwenye orodha ni kutoa taarifa zisizo sahihi, za kupotosha au pungufu kwenye maombi. Kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai kunakuja baadaye.

Chukua swali la makosa madogo kwenye fomu ya pamoja, ile fomu moja ya maombi inayotumiwa na majimbo mengi. Mstari wa kwanza unauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Ila swali halikomei hapo: linataka pia kesi ambayo hukumu ilizuiwa au kuahirishwa, na mashtaka ambayo bado yanaendelea. Halafu maelezo ya chini yanasema "kutiwa hatiani" ni pamoja na kukiri, kutopinga shtaka, au kupewa faini na kipindi cha uangalizi. Mengine unaruhusiwa kuyaacha, kama tiketi za trafiki na kuendesha gari ukiwa umelewa, na mashauri ya utotoni pia.

Nilikuwa na mteja, kijana aliyekamatwa kwa wizi wa dukani akiwa chuoni. Hukumu iliahirishwa, akamaliza kipindi chake bila doa, na wakili wake wa wakati huo akamwambia, "Kesi imekwisha, sahau." Akasahau. Miaka ikapita, akajaza maombi ya leseni, akajibu "hapana". Alama za vidole hazisahau. Barua aliyoletewa haikujali sana ule wizi; ilijali ile "hapana".

Siku ya kusikilizwa nilikuwa nimemwandaa aeleze ushauri aliopewa. Jaji akamtangulia kwa swali fupi: "Ulisoma swali lote?" Kijana akanitazama, akamtazama jaji, akasema, "Hapana, mheshimiwa. Nilisoma mstari wa kwanza tu." Nilihisi tumbo likinikata. Kumbe lile ndilo jibu lililotufaa kuliko kurasa zangu zote, kwa sababu suala lililobaki lilikuwa moja: alidanganya, au alizembea? Mtu anayetaka kudanganya hajitii hatiani kwa uzembe bila kulazimishwa. Alipata leseni.

Usichukue hadithi hiyo ukadhani jaji atakuhurumia. Kwa kawaida mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Wangekuwa wanakunyang'anya leseni uliyo nayo, idara ndiyo ingethibitisha. Lakini wewe bado unaomba, hivyo ni kazi yako kuonyesha unastahili. Kwa hiyo malalamiko kwamba idara imekuonea hayasogezi mizani hata kidogo. Kinachosogeza ni karatasi. Sheria ya Texas inataja mambo ya kupimwa kosa la jinai linapohusika: uzito wa kosa na uhusiano wake na kazi, umri uliokuwa nao, muda uliopita, kazi na mwenendo wako kabla na baada, dalili za kujirekebisha, barua za watu. Kila kimoja kitafutie hati yake.

Kuhusu barua za watu, nina ugomvi nazo. Mchungaji au bosi anaandika ukurasa mzima wa sifa, wala hataji kosa. Wakili wa idara anamuuliza shahidi swali moja tu: "Je, ulijua kwamba aliwahi kukiri wizi?" Shahidi anameza mate, na barua imekufa pale pale. Mwambie mtu wako habari yote kabla hajaandika. Akikataa kuandika baada ya kuijua, heri ujue mapema.

Kuna mlango mwingine ambao leseni ya jimbo peke yake haiufungui. Sheria ya shirikisho ya 1994, kifungu cha 1033, inamkataza mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai linalohusu udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu kufanya shughuli za bima mpaka apate ridhaa ya maandishi ya msimamizi wa bima. Adhabu yake inafika miaka 5 jela. Ombi la ridhaa hiyo ni tofauti na ombi la leseni.

"Basi si niondoe tu maombi kabla hawajanikataa?" Nasikia hili kila mara. Ukiomba tena, jimbo lolote linalotumia fomu ya pamoja litakuuliza kama umewahi kuhusika katika shauri la leseni ya kitaaluma, na fomu inafafanua kwamba kuhusika ni pamoja na kunyimwa, na pia kuondoa maombi ili kuepuka kunyimwa.

Jaji akimaliza, anaandika mapendekezo tu. Uamuzi wa mwisho unarudi kwa idara. Hilo huwakasirisha wateja, ila kuna breki. Texas, kamishna hawezi kubadili matokeo ya jaji kwa sababu tu hayakumpendeza. Lazima aonyeshe kosa la kisheria, uamuzi wa awali uliotegemewa ambao si sahihi, au kosa la kiufundi, tena kwa maandishi. Florida nayo hairuhusu kutupa matokeo ya ukweli yenye ushahidi wa kutosha nyuma yake.

Mahakama ni baada ya hapo. Florida una siku 30 kwenda mahakama ya rufaa ya wilaya. Texas unaanza na ombi la kusikilizwa upya ndani ya siku 25 tangu amri isainiwe, na ukiliruka hilo mlango wa mahakama ya wilaya ya Travis, kule Austin, umejifungia mwenyewe. Huko hawasikilizi mashahidi upya. Wanasoma kilichoingia kwenye jalada la shauri na kupima kama uamuzi una ushahidi wa kuushikilia. Mama mmoja alinijia akiwa tayari amefika hatua hiyo, na mfuko wa plastiki mkononi: cheti cha kumaliza uangalizi, risiti za fidia aliyolipa hadi senti ya mwisho, barua tatu nzuri. Nikamuuliza kama jaji aliziona. "Hapana," akasema, "nilikuwa nazitunza kwa ajili ya mahakama."