Keki ya Krismasi ikititia huko mlimani, punguza beking pauda

Juzi usiku wifi yangu kanipigia simu, yuko Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwa mama mkwe, keki ya majaribio imetitia katikati imekuwa kama bakuli, na kabla sijafungua mdomo ananiambia "nishajua kosa wifi, kesho naongeza beking pauda". Nikamwambia hapana, punguza. Akanyamaza, alafu akauliza kama nimemsikia vizuri. Nimemsikia, maneno hayo hayo nayasikia kila Desemba, kwa wateja, kwa majirani, kwa akina mama wa jumuiya, na safari hii imenifika shingoni.

Mi naoka keki za oda Dar, mwaka wa 14 huu, na ikifika Krismasi tunapanda nyumbani kama Wachagga wengine, mbuzi anachinjwa, mbege ipo, kisusio kipo, na keki ni kazi yangu. Resipi ile ile inayonilisha Dar mwaka mzima ikifika Marangu inagoma. Miaka ya mwanzo na mimi niliongeza beking pauda, ikatitia zaidi, nikaongeza tena, tukala keki yenye mashimo makubwa na uchungu wa magadi unaobaki kwenye ulimi. Kwahiyo siongei kwa kubahatisha.

Keki iliyotitia haikukosa nguvu ya kupanda. Ilipanda haraka mno, kabla haijashika. Beking pauda inatoa gesi, gesi inavimbisha vipovu, na huku mayai na unga vinatakiwa viive vikaze ili vile vipovu vibaki vimesimama. Ni mbio hizo. Dar tuko usawa wa bahari, hewa nzito inaukandamiza mchanganyiko, unapanda taratibu. Marangu ni kama mita 1,400, vijiji vya juu zaidi ya hapo, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa asilimia 15 hivi, sasa gesi ya kijiko kile kile inachukua nafasi kubwa zaidi, vipovu vinavimba, vinaungana, vinapasuka, keki imefika mdomo wa trei watoto wanashangilia, dakika kumi baadae imeanguka. Alafu mtu anasema tuongeze gesi! Gesi ndo imeiangusha!

Na upande wa pili wa mbio unachelewa. Kule maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndo maana maharage ya mama mkwe yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha, na katikati ya keki kukiwa na maji maji hakupandi joto zaidi ya hapo, kwahiyo inakawia kukaza. Sukari nayo ikizidi inaichelewesha. Watasema "ulifunua mfuniko mapema". Kufunua kunachangia, sawa, ila keki iliyopangwa vizuri haianguki kwa kuchunguliwa mara moja.

Mimi kwa unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai 8, Dar naweka beking pauda vijiko vya chai 4. Marangu 3. Kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, sio cha kilima, maana nusu ya kesi ninazoletewa ni mtu anasema kaweka vitatu kumbe kaweka vitano. Sukari natoa vijiko vya chakula 2, maziwa naongeza 4 kwasababu kule maji yanakauka haraka. Kuchekecha unga, siagi laini, mayai yasiwe ya baridi, hayo mnayajua.

Kinachonikera zaidi ni hiki: mtu akishaambiwa "mlimani punguza" anapunguza kila resipi anayoikuta mtandaoni. Dada, muulize mwenye resipi anaokea wapi kwanza! Nairobi iko karibu mita 1,700, juu kuliko Marangu, kwahiyo resipi ya mtu wa Nairobi inayomkubali kwake imeshapunguzwa tayari, hata kama mwenyewe hajui. Ukiipunguza tena unapata tofali. Ya Mombasa au Tanga, hiyo ndo unapunguza. Moshi mjini haufiki hata mita 1,000, mabadiliko ni madogo, jaribu kwanza ilivyo. Njombe, karibu mita 2,000, punguza zaidi yangu mimi.

Sasa niseme ukweli ambao vitabu havisemi. Vitabu vinakuambia mlimani ongeza joto kidogo, vikidhani una oveni yenye namba. Sisi tunapalia mkaa, sufuria kubwa, mchanga chini, trei ndani, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Mwaka juzi nilioka keki mbili, bakuli moja, mchanganyiko mmoja, moja ikasimama nyingine ikatitia, na tofauti ilikuwa jiko tu. Kwahiyo sehemu ya lawama ninayoutupia mlima ni ya mkaa, na siwezi kukukatia ni kiasi gani. Ndo maana nabadilisha kitu kimoja kimoja, beking pauda kwanza, na moto nauacha kama ulivyokuwa jana.

Maandazi ya asubuhi ya Krismasi ni kesi nyingine, hamira sio beking pauda. Hewa nyepesi inaliharakisha donge, baridi ya usiku inalichelewesha, na mwaka hadi mwaka sijawahi kupata saa kamili. Natazama donge likiwa mara mbili ya lilivyokuwa, nakata.

Leo asubuhi wifi katuma picha. Vijiko 3, juu imesimama, imepasuka ufa mmoja mrefu. Ufa huo ni moto wa juu kuwahi kukausha ganda, nimemwambia kesho atoe makaa mawili matatu kwenye mfuniko, beking pauda asiiguse.